Mchango wako wa kwanza kwenye Ansible, hatua kwa hatua

Kila anapojitokeza mtu anayetaka kuchangia programu huria za kusimamia seva, maswali huwa yale yale. Nianzie wapi? Lazima niwe mkali wa Python? Mbona nimetuma marekebisho na hakuna aliyenijibu? Kiingereza changu ni cha kuungaunga, hawatanicheka? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa.

Mfano wetu ni Ansible, kwa sababu wengi mnaitumia tayari kazini. Unaandika kwenye faili la YAML hali unayotaka seva iwe nayo, Ansible inaingia kwa SSH na kuiweka. Michael DeHaan aliianzisha mwaka 2012, na Red Hat ikainunua kampuni yake mwaka 2015. Hata hivyo, sehemu kubwa ya moduli (vipande vya msimbo, kila kimoja na kazi yake) unazozitumia kila siku ziliandikwa na wasimamizi wa mifumo wa kawaida, waliokerwa na kitu fulani kazini wakaamua kukirekebisha. Ukijua hilo, woga unapungua kidogo.

Kama ofisini kwenu mnatumia zana nyingine za kazi hii, yaani Puppet, Chef au Salt, usifunge ukurasa. Amri zitabadilika lakini njia ni ile ile. Tena huko Puppet ushiriki wa jamii umeonyesha kazi yake waziwazi: kampuni inayoimiliki ilipobana upatikanaji wa vifurushi vyake, watu wa Vox Pupuli, jumuiya ya watumiaji wa Puppet, walichukua msimbo ule ule huria na mwanzoni mwa 2025 wakatoa toleo lao, OpenVox. Bila watu wa nje waliokwisha kuujua ule msimbo, hilo lisingewezekana.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Akaunti ya GitHub yenye uthibitisho wa hatua mbili, na ufunguo wa SSH uliousajili humo. Tangu Agosti 2021 GitHub haikubali nywila ya kawaida unaposukuma msimbo kwa git, na hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza.
- Linux, iwe kwenye kompyuta yako, kwenye mashine pepe, au WSL kama unatumia Windows.
- Git, Python 3 na Docker ya kuendesha makontena. Podman nayo inafaa.
- Bando la kutosha au intaneti ya ofisi kwa siku ya kwanza. Picha za kontena za kufanyia majaribio ni nzito. Zipakue mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha utafanya kazi nyumbani bila presha.
- Mashine ya kuchezea ambayo ikiharibika hakuna atakayepiga simu. Seva ya mishahara sio mahali pa kujaribia.
- Ruhusa ya mwajiri kama utaandika msimbo ndani ya saa za kazi. Mikataba mingi inasema unachoandika kazini ni mali ya kampuni, na wewe unakwenda kukitoa chini ya leseni ya GPL. Ulizia mapema, tena kwa maandishi.

Python? Ukiweza kusoma `if`, `for` na kamusi, na ukajua kufuatilia kazi inapita wapi, inatosha kwa kuanzia. Kiingereza nacho ni sentensi fupi tu. Watunzaji wengi wa moduli hizi wenyewe hawakuzaliwa na Kiingereza.

Hatua ya 1: Anza na PR ya mtu mwingine

Wengi hawategemei hili. PR, yaani ombi la kutaka mabadiliko yako yaunganishwe, mara nyingi hukwama si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu hakuna aliyeijaribu. Mtunzaji mmoja anaweza kuwa na moduli inayogusa FreeBSD, Alpine na macOS, na mezani kwake ana Fedora peke yake. Wewe mwenye Alpine ni lulu kwake.

Fungua orodha ya PR kwenye ripo (hifadhi ya msimbo) ya `ansible-collections/community.general`, mkusanyiko wa moduli za jamii, tafuta moja inayogusa moduli unayoijua, kisha usakinishe tawi la mwenye PR, yaani nakala yenye mabadiliko yake:

```
ansible-galaxy collection install \
  git+https://github.com/JINA_LA_MWENYE_PR/community.general.git,JINA_LA_TAWI \
  -p /tmp/jaribio
```

Endesha kazi yako ukielekeza Ansible huko kwa `ANSIBLE_COLLECTIONS_PATH=/tmp/jaribio`, kisha uandike chini ya PR ulichokiona: mfumo gani, toleo gani la Ansible, kabla ya marekebisho kulitokea nini, na baada yake kukawaje. Maoni ya aina hiyo yana uzito. "Naunga mkono, lini itatoka?" haina uzito wowote, na ikirudiwa inakera.

Faida yako ni kwamba utaona jinsi ukaguzi unavyokwenda kabla hujawa wewe unayekaguliwa.

Hatua ya 2: Chagua kero yako mwenyewe

Usianze kwa kuzunguka ukitafuta ishu (ripoti za matatizo) "rahisi" kwenye moduli ambayo hujawahi kuigusa. Utatumia siku tatu kuelewa kitu ambacho mwenye kukitumia angekielewa kwa dakika kumi. Angalia kazini kwako: ni kazi gani ya Ansible huripoti `changed` kila mara ingawa hakuna kilichobadilika? Ni ukurasa gani wa maelezo ulikupotosha? Ni ujumbe gani wa kosa usiosema kosa lenyewe liko wapi? Hapo ndipo pa kuanzia.

Maelezo ya matumizi yaliyokosewa ni mchango halali kabisa, na ndiyo PR ya kwanza ninayompendekezea kila mtu. Msimbo haubadiliki lakini utapita hatua karibu zote.

Hatua ya 3: Jua kitu kinakaa ripo gani

Mwaka 2020, kuanzia toleo la 2.10, Ansible ilipasuliwa. Kiini kilibaki peke yake, na sasa kinaitwa ansible-core. Maelfu ya moduli yakahamishiwa kwenye mikusanyiko, kila mmoja na ripo yake na watunzaji wake. Ukipeleka ishu kwenye ripo isiyohusika utaambiwa uhamie kwingine, na utakuwa umepoteza wiki.

Jina kamili la moduli ndilo linalokuelekeza:

- `ansible.builtin.copy` na nyingine zote za `ansible.builtin` ziko `ansible/ansible`. Tawi lake kuu linaitwa `devel`.
- `community.general.timezone` na ndugu zake wako `ansible-collections/community.general`. Tawi kuu ni `main`.
- `ansible.posix.mount` ina mkusanyiko wake, `ansible.posix`.
- Miongozo ya jumla, ile isiyo ya moduli moja, iko `ansible/ansible-documentation`.

Huna uhakika? Andika `ansible-doc community.general.timezone`. Juu kabisa utaona njia ya faili lenyewe, na chini utawaona walioliandika.

Ushauri wangu ni kwamba usianzie kwenye ansible-core. Kule wanabana, na wana sababu: badiliko dogo linagusa kila mtu duniani anayetumia Ansible, kwa hiyo kipengele kipya hujadiliwa sana na mara nyingi hukataliwa. Mikusanyiko ya jamii ina nafasi zaidi kwa mgeni.

Hatua ya 4: Andika ishu inayoweza kurudiwa

Kwanza tafuta kama ipo tayari, na utafute hata kwenye zilizofungwa. Usipoikuta, andika yako. Kiini cha ishu nzuri ni kipande kifupi cha YAML ambacho mtu yeyote anaweza kukinakili, akakiendesha, akaona kile kile ulichokiona.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme moduli ya `timezone` inaripoti `changed` hata pale ambapo saa tayari ziko sawa (kosa lenyewe nimelibuni, usihangaike kulitafuta). Faili lako la kuonyesha kosa, tuliite `onyesha.yml`, litakuwa hivi:

```
- hosts: localhost
  become: true
  tasks:
    - name: Weka saa za Dar es Salaam
      community.general.timezone:
        name: Africa/Dar_es_Salaam
```

Liendeshe mara mbili. Mara ya kwanza `changed=1` ni halali. Mara ya pili ikitokea tena, hapo una kesi, kwa sababu msingi wa zana hizi zote ni huo: hali ikishakuwa ile uliyoitaka, kuendesha tena kusibadilishe kitu.

Weka na matokeo ya `ansible --version` na `ansible-galaxy collection list community.general`, jina na toleo la mfumo wa seva, ulichotegemea na kilichotokea. Fomu ya ishu itakuuliza yote haya, na usiruke swali.

Onyo. Kabla ya kubandika matokeo ya `-vvv` (yale marefu yenye kila undani), yasome mstari kwa mstari. Humo kuna majina ya seva, anwani za IP, majina ya watumiaji, na kama mwandishi wa faili hakuweka `no_log`, hata nywila. Ukishabandika hadharani, kufuta hakusaidii. Na kama ulichokigundua ni tundu la usalama, usifungue ishu kabisa. Kwa Ansible kuna anwani ya security@ansible.com.

Hatua ya 5: Andaa mazingira, ukizingatia majina ya saraka

Bonyeza Fork kwenye ripo ili upate nakala yako. Halafu fuata hivi hivi, usibadilishe mpangilio:

```
python3 -m venv ~/kazi/venv
source ~/kazi/venv/bin/activate
pip install ansible-core

mkdir -p ~/kazi/ansible_collections/community
cd ~/kazi/ansible_collections/community
git clone --filter=blob:none git@github.com:JINA_LAKO/community.general.git general
git clone https://github.com/ansible-collections/community.internal_test_tools.git internal_test_tools

cd general
git remote add upstream https://github.com/ansible-collections/community.general.git
git fetch upstream
git checkout -b timezone-changed upstream/main
```

Kosa namba moja la wanaoanza liko hapa: wanavuta ripo na kuiacha kwenye saraka inayoitwa `community.general`, popote pale. Zana ya majaribio, `ansible-test`, inakataa. Inataka njia iishie `ansible_collections/community/general`, herufi kwa herufi.

`--filter=blob:none` inakuokolea bando kwa kutopakua mafaili ya kihistoria mpaka yahitajike. Ripo ya pili, `internal_test_tools`, ina vifaa ambavyo baadhi ya majaribio huviita.

Na tawi. Usifanye kazi juu ya `main` ya nakala yako. Ukifanya hivyo, PR ya pili itabeba takataka za PR ya kwanza, na utaanza kuomba msamaha kwa watu usiowajua.

Hatua ya 6: Badilisha kidogo kadiri inavyowezekana

Moduli zote ziko `plugins/modules/`. Fungua `timezone.py` na utaona juu kuna maandishi matatu makubwa ya YAML: `DOCUMENTATION`, `EXAMPLES` na `RETURN`. Hayo ndiyo yanayozaa kurasa za maelezo zinazosomwa mtandaoni. Kumbe anayerekebisha maelezo ya moduli anafungua faili lile lile la msimbo.

Rekebisha kosa lako tu. Ukiona mahali pengine mistari imepangwa vibaya, vumilia. Ukikuta nukuu moja badala ya mbili, vumilia pia. Mwongozo wa `community.general` unasema wazi kwamba PR isipange upya sehemu zisizohusika, na sababu yake utaielewa siku utakapokaa wewe kukagua: mkaguzi anatafuta mistari minne ya maana ndani ya mistari mia mbili ya mapambo. Zima kabisa kile kipengele cha kihariri chako kinachopanga faili lote kila unapohifadhi. Kama ripo ina zana yake ya kupanga msimbo, utaikuta imeelezwa kwenye `CONTRIBUTING.md`, tumia hiyo, tena soma faili hilo lote kabla ya kuendelea.

Ukishabadilisha, jaribu kwa mkono kwenye mashine ya kuchezea:

```
export ANSIBLE_COLLECTIONS_PATH=~/kazi
ansible-playbook onyesha.yml -K --check --diff
ansible-playbook onyesha.yml -K
ansible-playbook onyesha.yml -K
```

Mstari wa kwanza wa kuendesha, wenye `--check`, haupaswi kugusa kitu, ni kutabiri tu. Watu wengi husahau kuwa moduli hutumiwa pia kwa njia hiyo, wanaweka amri yao mpya mahali ambapo itafanya kazi kweli hata wakati wa kutabiri. Wakaguzi hulitafuta kosa hilo mapema. Halafu endesha mara mbili, na ya pili iseme `changed=0`.

Kama msaidizi wa akili unde ndiye aliyekuandikia marekebisho, elewa kila mstari kabla ya kuutuma. Mkaguzi akiuliza "kwa nini hapa umetumia hiki?" na wewe huna jibu, PR imekufa. Nimeona nyingi zikifa hivyo.

Hatua ya 7: Endesha majaribio

Ukiwa ndani ya saraka ya `general`:

```
ansible-test sanity --docker default -v plugins/modules/timezone.py
ansible-test units --docker default -v tests/unit/plugins/modules/test_JINA_LA_MODULI.py
ansible-test integration --docker ubuntu2204 -v timezone
```

Ya kwanza hukagua umbo: maelezo yanalingana na vigezo halisi? YAML ni sahihi? Ya pili hupima vipande vya msimbo bila kugusa mfumo, na si kila moduli ina faili lake humo. Ya tatu huendesha moduli kweli kweli ndani ya kontena. Majina ya makontena hubadilika kulingana na toleo la ansible-core, kwa hiyo kama `ubuntu2204` haipo kwako, `ansible-test integration --help` itakuonyesha yaliyopo.

Onyo. Usiondoe `--docker` kwenye amri ya tatu eti kwa sababu kontena linachelewa. Bila hiyo majaribio yanafanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe: yanasakinisha na kufuta vifurushi, yanabadilisha mipangilio. Mengine yamewekewa alama ya kwamba yanaharibu, na hawakutania.

Bando likikuishia katikati, usikate tamaa. Fanya ya kwanza peke yake, tuma PR, nyingine zitaendeshwa kwenye mitambo ya mradi. Itakuchukua muda mrefu zaidi kupata jibu, basi.

Hatua ya 8: Andika faili la kumbukumbu ya mabadiliko

PR nyingi za wageni hurudishwa kwa sababu ya faili hili dogo. Kila marekebisho ya msimbo lazima yaje na faili ndani ya `changelogs/fragments/`. Humo ndimo msimamizi wa seva wa Kigali au Berlin atakaposoma kuwa kosa lililomsumbua limeondoka. Jina la faili lina namba ya PR na neno la kutambulisha, mfano `1234-timezone-changed.yml`, na ndani yake:

```
bugfixes:
  - "timezone - no longer report ``changed`` when the requested timezone is already set
    (https://github.com/ansible-collections/community.general/issues/1230,
    https://github.com/ansible-collections/community.general/pull/1234)."
```

Zingatia mambo haya. Kosa lililorekebishwa huenda chini ya `bugfixes`. Kipengele kipya huenda chini ya `minor_changes`. Sentensi ianze na jina la moduli, kistari, kisha maelezo, na iishie kwa nukta. Izungushie alama za nukuu, maana nukta mbili moja tu yenye nafasi mbele yake itaivunja YAML, nawe utabaki unashangaa kosa liko wapi. Namba ya PR huijui bado? Fungua PR kwanza, ikipata namba uongeze faili kwa komiti (rekodi ya mabadiliko kwenye git) ya pili. Hiyo ni kawaida, hakuna atakayekushangaa.

Usihariri `CHANGELOG.rst` kwa mkono. Faili hilo huzalishwa na zana siku ya kutoa toleo.

Marekebisho ya maelezo peke yake, au ya majaribio peke yake, hayahitaji faili hili. Wala moduli mpya kabisa.

Hatua ya 9: Fungua PR

```
git add plugins/modules/timezone.py changelogs/fragments/
git commit -m "timezone: do not report changed when already set"
git push -u origin timezone-changed
```

GitHub itakupa kiungo cha kufungua PR. Kichwa kiwe na jina la moduli. Kwenye maelezo andika `Fixes #1230` ili ishu ijifunge PR ikiunganishwa, eleza kosa kwa sentensi mbili, kisha ubandike matokeo ya kabla na ya baada. Acha ruhusa ya watunzaji kuhariri tawi lako ikiwa imewashwa. Mara nyingine mtu atakurekebishia herufi moja badala ya kukuandikia aya nzima.

PR moja, jambo moja. Kama umegundua makosa matatu, ni PR tatu.

Roboti atafika kabla ya binadamu. Atabandika lebo, atawaita watunzaji wa moduli hiyo, na kama majaribio yameanguka atakuambia. Usibishane naye wala usichukulie kwamba ni dharau. Kwa mchangiaji mpya, baadhi ya majaribio hayaanzi mpaka mtunzaji ayaruhusu, kwa hiyo ukiona kimya saa chache za kwanza ndiyo sababu.

Hatua ya 10: Pokea ukaguzi

Hapa ndipo panapotenganisha wanaoendelea na wanaotoweka. Maoni yatakuja makavu. "This should be a list." Nukta. Hakuna habari za asubuhi, hakuna pole na kazi. Sisi tumezoea salamu kwanza, na ujumbe wa namna hiyo unasikika kama umekaripiwa. Hujakaripiwa. Aliyeandika ni mtu wa kujitolea, ana PR nyingine kumi za kupitia kabla ya kulala, na ameandika kwa sababu ameona kazi yako inafaa kuendelea.

Jibu kila hoja. Ukikubali, rekebisha, usukume, na useme umefanya. Usipokubali, eleza sababu yako mara moja kwa utulivu, ukiwa na matokeo mkononi. Akikuandikia pendekezo lenye kitufe cha kulikubali moja kwa moja, lisome kwanza, maana na wao hukosea.

Kuna kanuni mbili za git ambazo `community.general` inazisisitiza na wageni huzivunja kila siku:

Usizibane komiti zako kuwa moja na kusukuma kwa nguvu bila sababu. Mkaguzi anataka kuona ulichobadilisha tangu aliposoma mara ya mwisho. Siku ya kuunganisha, GitHub itazibana yenyewe.

Usiingize komiti za `merge`. Ukihitaji kuchukua mabadiliko mapya ya `main`, tumia:

```
git fetch upstream
git rebase upstream/main
git push --force-with-lease
```

Hiyo ndiyo sababu halali ya kusukuma kwa nguvu.

Kupeleka marekebisho kwenye matoleo ya zamani si kazi yako. Watunzaji huweka lebo, na roboti hufungua PR nyingine kwenye tawi la toleo hilo.

Ikikwama

*`ansible-test` inalalamika kuhusu saraka uliyopo.* Rudi hatua ya 5. Andika `pwd`, kama haiishii `ansible_collections/community/general`, umeshapata jibu.

*Nimebadilisha msimbo lakini tabia ni ile ile.* Ansible inasoma nakala nyingine, pengine ile iliyokuja na kifurushi cha `ansible` ulichosakinisha kwa pip. Endesha kwa `-vvv` na utafute mstari unaoanza na `Using module file`. Njia iliyoandikwa pale ndiyo inayotumika kweli. Kwa kawaida ni `ANSIBLE_COLLECTIONS_PATH` iliyosahaulika baada ya kufungua dirisha jipya la terminali.

*Docker inakataa ruhusa.* Mtumiaji wako hayumo kwenye kundi la `docker`. Mwongeze, toka kwenye akaunti, ingia tena.

*`timedatectl` inasema mfumo haukuwashwa na systemd.* Unajaribu kwa mkono ndani ya kontena la kawaida, na humo hamna systemd. Tumia mashine pepe.

*Majaribio yameanguka kwenye faili ambalo sijaligusa.* Angalia PR nyingine za siku hiyo. Kama nazo zimeanguka hapo hapo, tatizo ni la mradi. Subiri lirekebishwe, kisha fanya `rebase`. Kama ni yako peke yako, basi umeligusa bila kujua, na mara nyingi mkosaji ni kihariri.

*Wiki mbili, kimya.* Hesabu kwanza: je, majaribio ni ya kijani? Kuna swali uliloulizwa hujalijibu? Kama yote yako sawa, andika ujumbe mmoja mfupi wa kukumbusha, umtaje mtunzaji aliyeitwa na roboti. Kisha fanya ile kazi ya hatua ya 1 kwenye PR mbili tatu za wengine. Wakishakufahamu kama mtu anayesaidia, PR yako haisomwi tena kama ya mgeni.

*Wamekataa.* Uliza kama kuna mahali pengine panapofaa. Mara nyingi jibu ni kwamba wazo ni zuri lakini si la mkusanyiko huo, na hapo unaweza kuliweka kwenye mkusanyiko wako mwenyewe na kulichapisha Ansible Galaxy, tovuti ya kugawana mikusanyiko.

*Imeunganishwa, lakini seva zangu bado zina kosa.* Mpaka toleo litoke. Kama huwezi kungoja, sakinisha kutoka tawi kuu kwa muda:

```
ansible-galaxy collection install \
  git+https://github.com/ansible-collections/community.general.git,main
```

Toleo rasmi likitoka lenye namba ya PR yako kwenye orodha ya mabadiliko, rudi kwenye hilo, na ulitaje kwa namba kwenye `requirements.yml` ya ofisi ili mwenzako asije akavuta kitu kingine.